Hodi ya Injini

Gari langu limeanza kupiga hodi. Likienda tambarare linanyamaza kama mgeni aliyekaribishwa chai. Likianza kuupanda mlima wa Valley Road, hapo ndipo utasikia: tititi, tititi, mfano wa sarafu zinazotikiswa ndani ya mkebe wa Blue Band. Nikitoa mguu kwenye mafuta linaacha, nikikanyaga linarudi. Mgeni mwenye adabu hupiga hodi mara tatu, asipoitikiwa akaenda zake. Huyu wangu nilimsikiliza hadi Hurlingham na bado alikuwa mlangoni.

Ni Corolla 110, kwa hiyo tumezeeka pamoja na hatudanganyani. Kosa langu lilikuwa kuliegesha kando ya Kibera Drive, hapa kwetu Makina, na kufungua boneti mchana. Kufungua boneti Makina ni kupiga mbiu ya mgambo. Sijamaliza kuegemeza kile chuma cha kulizuia, tayari nina madaktari sita, na bisibisi moja kati yao.

Mwenye bisibisi alitia ncha kwenye injini na mpini sikioni, akafumba macho kama anayesikiliza kaswida. Mbinu yenyewe ni ya kweli, chuma hupitisha sauti vizuri kuliko hewa. "Mzee," akasema, "beringi za konrodi zimekwisha. Tushushe injini." Alisema "tushushe" kama mtu anayeshusha kreti ya nyanya. Wa pili akakataa katakata, akasema ni tapeti. Wa tatu alikuwa na kimashine cha kusoma hitilafu. Akapapasa chini ya usukani kutafuta pa kukichomeka, asipate. "Gari hili ni la kale, mzee, haliongei na kompyuta." Hata hivyo akataka pesa ya kuuliza.

Nilinyamaza kidogo, kisha nikawakumbusha jambo moja: gari lilikuwa limesimama na halikuwa linagonga. Nimesema linagonga likipanda mlima. Hawa wote walikuwa wakisikia nini?

Nikaambiwa wenye magari ndio husumbua sana.

Basi nikamngoja makanika wangu, mzee mmoja asiyependa maneno mengi. Alinieleza kwa ufupi kwamba beringi ya konrodi ikilika hutoa sauti nzito ya ngo-ngo-ngo, na ukichomoa waya wa plagi ya silinda yenye ugonjwa, sauti hufifia. Tapeti hulia tik-tik hata gari likiwa limesimama. Huu mlio wa sarafu, unaokuja injini ikibebeshwa mzigo tu, ni petroli inayolipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Pistoni inapanda, inapigwa kofi, na wewe unasikia tititi. Kinachoipa petroli subira ya kungoja moto wake ni ile okteni.

(Ulimwengu ulitafuta subira hiyo pabaya. Mwaka 1921 Mmarekani Thomas Midgley aligundua kwamba dawa ya risasi ikitiwa kwenye petroli, injini hunyamaza. Injini zikanyamaza, watoto wakavuta risasi kwa miongo mingi. Kenya iliachana nayo mwaka 2006, na ni hapa hapa Nairobi, kule Gigiri, ambako shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lilitangaza mwaka 2021 kwamba hakuna nchi tena inayoiuza kwa magari. Jiji limejaa wataalamu wa kugonga kwa injini, ila hakuna anayeteremka hadi Kibera Drive.)

Mzee akachomoa plagi. Zilikuwa nyeupe kama mfupa. Plagi nyeusi ina mafuta mengi; nyeupe ina njaa, akasema, na mchanganyiko wenye hewa nyingi na mafuta haba huchemka na kugonga. Tukang'oa kiti cha nyuma, maana pampu ya Corolla hii hukaa chini yake, ndani ya tangi. Tulipata shilingi 40, kifungo cha shati na pampu inayolia kama mbu. Filta tulipoipuliza ilitema kitu cha rangi ya chai ya juzi.

"Wewe huweka mafuta ya ngapi?" akaniuliza.

Hilo ni swali la kumuuliza mtu mzima mbele ya watu? Huweka ya mia mbili. Siku njema, mia tatu. Taa ya mafuta kwenye dashibodi yangu imewaka muda mrefu hadi nikadhani ni pambo. Kumbe pampu hupozwa na petroli ile ile inayoisukuma. Tangi likikauka, inaungua huku ikifyonza uchafu wa chini. Nikakiri pia kwamba juma lililopita gari liliponizimikia usiku, nilinunua lita mbili kwa kijana mwenye dumu. Sikumwona sura, na petroli sikuiona rangi.

Tukaitoa yote kwa mpira, ikaingia kwenye beseni. Hapo Hajati, jirani yangu anayepika mandazi, akapita na kibakuli chake cha unga. Akasimama. Akanusa.

"Mwanangu, mbona gari lako linanuka jiko langu?"

Makanika akachovya kidole, akakisugua kwa kingine. Petroli safi hukauka upesi ikaacha kidole kikavu. Hii iliacha utelezi. Mafuta ya taa, yasiyo na ile subira ya okteni.

Hajati akaweka kibakuli chini, nami nikajua nimekwisha. Wenye kumbukumbu fupi wamesahau, yeye hajasahau: mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili walaghai waache kuyachanganya na petroli na dizeli. Magari ya watu yasigonge, jiko la Hajati lilipe. Anachoma lita moja kwa siku. Alipiga hesabu kwa vidole vyenye unga: 18 mara 365, shilingi 6,570 kwa mwaka.

"Nimekulindia injini miaka yote hii," akasema, "halafu unakwenda kuyanunua gizani?"

Nilimwomba radhi. Nikataka hata kumpa lile beseni, nikidhani ni fidia. Akaruka nyuma. Mafuta ya taa yenye petroli ndani yake hulipua jiko na nyumba, na mimi, mtu mwenye gari, ndiye nilihitaji kuelezwa hivyo na mpika mandazi.

Filta nimebadilisha, tangi limeoshwa, nimeweka ya elfu moja huku mkono ukitetemeka. Valley Road sasa ni kimya. Ila nyuma ya nyumba yangu kuna dumu la lita mbili: gari halilitaki, jiko halilitaki, na mtaroni siwezi kumwaga Hajati akinitazama. Anayejua pa kulipeleka anipigie hodi.