Fuko Ndani ya Mfuko

Leo siku ya tatu na vidole vyangu bado vinanuka. Sabuni ya kipande imeshindwa, ndimu imeshindwa, jana nimejisugua kwa majivu ya jikoni, na mke wangu kanitengea kikombe cha peke yangu kama mgonjwa. Jumapili, saa ileile watu wanatoka kanisani, nilikuwa nimepiga magoti mbele ya mlango wangu, nimevaa suti, nimepindua dastibini, natafuta mkia wa fuko.

Na fuko hana mkia wa maana. Ana kijipande kifupi chenye vinywele, utadhani aliyemuumba aliishiwa malighafi.

Yote yaliletwa na viazi mviringo. Kwa juu vilisimama vizuri, vya kijani, ukivuta shina linakuja lenyewe, chini hamna kitu. Kisha migomba miwili ikalala. Hapa Ruanda (ya Mbozi, mkoani Songwe; ndugu zangu wa mbali wakipiga simu huuliza habari za Kigali, na wa Mbeya mjini hudhani nimehamia Ruanda yao) dawa ya ugonjwa huo ni mzee mmoja mwenye vipande vya waya. Tukapatana kila mkia shilingi 2,000. Neno "mkia" nililitia mimi, kwa ujanja, nisije nikalipia hadithi.

Nilimfuata shambani asubuhi ya kwanza nikachelewa kazini, na sijutii. Mzee hahangaiki na kila kichuguu. Anatafuta chenye udongo mbichi, anachimba pembeni mpaka anaifikia njia yenyewe, shimo la mviringo lililosuguliwa likang'aa kama limepigwa lipu. Humo ndani anatega kitanzi cha waya. Kitanzi kinafungwa kwenye fito iliyochomekwa ardhini na kupindwa hadi inalalamika, na fito inazuiwa isiruke na uzi mmoja tu unaopita katikati ya njia, umeshindiliwa udongo. Basi. Hakuna chambo, wala karanga, wala samaki. Nikamuuliza, sasa atavutwa na nini? Akasema, "Upepo."

Fuko haoni vizuri, ila hewa ikiingia nyumbani kwake anaijua papo hapo, na hawezi kuvumilia. Anakuja mbio kuziba. Anasukuma udongo, anakutana na uzi, anautafuna, fito inaruka. Anakufa akiwa katika shughuli ya kufunga mlango, ambalo ni jambo nililowaomba wanangu miaka yote bila mafanikio. Mzee akanifunulia mdomo wa fuko wa kwanza: midomo inafunga nyuma ya meno, meno yenyewe yamebaki nje, ili mnyama achimbe kwa meno bila kula mchanga. Nilikaa nimemshika yule marehemu kwa muda ambao haukuwa wa heshima kwa yeyote kati yetu.

Kosa langu lilikuja baadaye. Kila alfajiri mzee aliwalaza chini ya mgomba niwaone, naye akaenda zake. Mimi, mstaarabu, nikawatia kwenye mfuko, nikafunga, nikatupa kwenye dastibini. Ile mifuko ya nailoni iliyopigwa marufuku Juni 2019 ilikuwa na dhambi zake, lakini ilizuia harufu. Hii mbadala inapumua.

Jumapili mzee akaja kufunga hesabu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Saba."

"Watano, mzee."

"Saba. Walete tuwahesabu."

Angesema twende ndani tukaongee, ningempa chake. Lakini watu walishaanza kupita, nami nikaona nikikubali nitaonekana tapeli. Nikapindua dastibini. Maganda ya ndizi, pampasi, mabaki ya ugali, kisha mifuko. Watoto wakaita watoto wenzao. Nikawapanga mmoja mmoja kwenye nyasi: mmoja, wawili, watano, sita. Wa saba alikuwepo, ila paka alishampitia kwa nyuma.

Hapo ndipo nilipotamka, mbele ya mzee wa kanisa na mama mmoja ninayemdai kwenye chama chetu cha kuweka na kukopa, kwamba tulipatana mkia, na huyu hana.

Kimya kikapita. Mzee akamtazama fuko, akanitazama mimi, akauliza umati, si mimi, "Huyu alizaliwa hivi?" Walicheka mpaka mtu mmoja akakalia baiskeli ya mwenzake. Kijana mwingine akadakia kwamba ng'ambo, Zambia, ningekuwa nimetupa kitoweo cha wiki. Nikalipa 14,000, na 1,000 ya usumbufu.

Kwa mzee sina neno. Ila kwelea kwelea wakivamia mpunga, ndege inarushwa kwenda kuwanyunyizia sumu. Viwavijeshi vamizi walipoingia mwaka 2017 kila redio iliwatangaza. Fuko amenimalizia viazi vya msimu mzima na hajawahi kupata hata kipeperushi kimoja. Mimi na yeye tumeachiwa mzee na waya wake. Na kijana wa guta la taka amechukua 3,000 yangu ya mwezi, wiki ya tatu hii sijamwona. Angepita Alhamisi, suti ingekuwa safi. Lakini pia mzee angeweza kudai kumi, nami ningelipa, kwa hiyo hata kumkasirikia siwezi kwa ukamilifu.

Wala si mara ya kwanza dastibini ile kuniaibisha. Panya buku niliyemtupa humo mwezi wa pili hakuwa amekufa. Konokono niliowamwagia chumvi walitoboa kitako cha dastibini, au chumvi ndiyo iliyotoboa.

Asubuhi hii kuna kichuguu kibichi, kiko palepale dastibini inaposimama. Nimempigia mzee. Bei imepanda, 3,000, na safari hii mizoga anaitunza yeye.