Mwongozo wa Kuwa Nuru ya Mtaa, kwa Mpendwa Anayehamia Mbagala

Mpendwa, umepata chumba Mbagala. Au Buza, au Tandale, au Mwananyamala kwa Kopa. Mwongozo ni uleule. Dalali keshakula chake, mwenye nyumba keshachukua kodi ya miezi sita, na mlangoni umebandika stika inayotangaza kwamba nyumba hii imefunikwa kwa damu ya Yesu. Mchungaji amekuaga kwa neno moja: ukawe nuru. Hakukwambia kwamba huko nuru hununuliwa kwa tokeni, na kwamba mita ni moja kwa vyumba sita.

Kabla ya mita tumalize habari ya spika, maana najua ndiyo inayokuwasha. Kanisa lenu changa litakuwa chini ya turubai, kati ya gereji na baa, na mkesha utakuwa Ijumaa. Elekezeni spika madirishani. Mama mwenye kichanga, mwanafunzi wa kidato cha nne na mpika vitumbua anayeamka saa tisa usiku wote wataokoka kwa mpigo. Zipo kanuni za kelele za mwaka 2015 chini ya sheria ya mazingira, na serikali inazisimamia, lakini zimeandikwa na watu wasio na upako: hazitofautishi kunena kwa lugha na singeli. Baa wakipandisha sauti, nanyi pandisheni. Ikifika saa nane usiku mtaa mzima utakuwa umejifunza jambo moja kuhusu wafuasi wa Yesu, kwamba kesho hawana kazi ya kuamkia.

Asubuhi ukipita uani, mwamkie bibi wa chumba cha kwanza kwa sauti ya ushindi: "Bwana Yesu asifiwe!" Atakujibu, "Marahaba, mwanangu." Usidhani hajasikia. Amekurekebisha, tena kwa upole, na mbele ya watu.

Sasa mita. Katika nyumba ya kupanga LUKU ni kitabu cha matendo ya kila mpangaji. Kila chumba kinatoa mchango. Mwenye friji anaongeza, mwenye pasi anajificha. Jumapili alfajiri utachomeka pasi yako ukiwa umefunga mlango. Kaka wa chumba cha tatu, aliye kwenye foleni ya choo na mswaki mdomoni, ataona taa ya uani inafifia kidogo. Hana haja ya kuuliza. Nusu saa baadaye utatoka na suruali yenye mstari wa kukatia nyanya. Saa nne utasimama kanisani kushuhudia jinsi Bwana alivyokupa friji, na kanisa litalipuka kwa vigelegele. Nyumbani friji hiyohiyo haijatangazwa kwa yeyote: imefunikwa kitenge, juu yake umeweka chombo cha maua ya plastiki, na mgeni akiingia unaiita kabati. Wenzako wanajua siku nyingi. Kabati halikoromi usiku.

Walokole wa zamani walikuwa na dawa ya jambo hili. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda hadi Bukoba, haukuishia kwenye machozi ya madhabahuni. Aliyeiba alirudisha mali kwa mwenyewe, aliyedanganya alimfuata aliyemdanganya akamwambia uso kwa uso. Huko ndiko walikokuita kutengeneza. Sisi wimbo wao wa Tukutendereza tumeurithi, tunaupiga makofi vizuri kabisa, ila kutengeneza tumekuacha kwa sababu kuna gharama. Ukitaka kujaribu, anza na miezi minne ya friji, taslimu, mbele ya wapangaji wote. Nakuonya tu: kwanza watakutazama kwa wasiwasi, wakidhani unataka kugombea uenyekiti wa serikali ya mtaa.

Deni la Mangi dukani ni habari hiyohiyo, sitalirudia. Jua tu kwamba daftari lake linasomwa na watu wengi kuliko trakti zako.

Tukifika kwenye choo, kaa vizuri. Masika yakianza, mvua kubwa ya usiku huwa majira ya majaribu. Gari la kunyonya majitaka ni la kulipia; mvua haina bei. Basi wenye mashimo yaliyojaa huyatoboa, mzigo ukaenda na maji ya barabarani, na kitendo hicho kina jina lake kabisa, kutapisha. Mtaa wa bondeni ndio unaopokea. Mzee wa kanisa anaweza kutapisha choo saa tisa usiku wa Alhamisi, na Jumapili akaongoza maombi ya kufunga dhidi ya pepo la kipindupindu. Hapo naye ameshuhudia, na watoto wa bondeni wamekwenda na ushuhuda wake shuleni, miguuni.

Sasa kuna jambo moja ambalo sina hamu ya kulitania. Mtu akikuanzisha ubishi wa dini, hasa kijiweni, mbele ya vijana, kumbuka upo wapi. Ijumaa ya tarehe 12 Oktoba 2012, hapohapo Mbagala, makanisa kadhaa yalivunjwa na mengine yakachomwa moto. Chanzo kilikuwa ubishi wa watoto wawili juu ya Kurani, kwamba atakayeikojolea atageuka kiumbe kingine. Mmoja akajaribu. Polisi wakamchukua, umati ukaenda kumdai, ukamkosa, ukageukia makanisa. Sidhani watoto wale walijitungia wenyewe swali la kitabu cha nani kina nguvu zaidi. Wamekulia katika jiji ambalo wakubwa, wa pande zote mbili, walikwisha kushindana hadharani kwa mihadhara na vipaza sauti. Mkondo huo ndio uliotufikisha Mwembechai, Magomeni, Februari 1998, kwenye vurugu zilizoishia kwa risasi na maiti. Kwa hiyo anayekwambia kwamba kumfunga mdomo jirani ni uinjilisti, mwulize anaishi mtaa gani. Mara nyingi utakuta ni mtaa wenye geti.

Na kama unategemea wingi wa wenzako wa imani, huna pa kushika. Sensa ya Tanzania haijauliza dini tangu 1967. Ile ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam, ikawauliza habari za choo, haikuwauliza wanasali wapi. Serikali inajua kinachowasumbua majirani.

Kosa kubwa la mgeni mwenye bidii ni kudhani kwamba yeye ndiye mwenye kutoa, na mtaa kazi yake ni kupokea. Mwaka 1955 mwalimu mmoja Mkatoliki aliacha kazi Pugu kwa ajili ya siasa, akawa hana mshahara wala nyumba. Aliyempokea na familia yake Kariakoo alikuwa Abdulwahid Sykes, Muislamu, kabla mwalimu huyo, Nyerere, hajahamia Magomeni, kwenye nyumba ambayo leo ni makumbusho. Tangu 2005 Kanisa Katoliki linachunguza kama Nyerere anastahili kutangazwa mwenye heri, na linamwita Mtumishi wa Mungu. Wachunguzi watapima sala zake na misa zake za asubuhi, ni haki yao. Mimi ningependa kwenye faili hilo uwepo pia ukurasa wa wali wa Kariakoo, maana kukubali kula kwa jirani na usione umepungukiwa ni karama ngumu kuliko ya kuhubiri.

Ukiwa Mkatoliki utapangiwa jumuiya, na Dar es Salaam jumuiya nyingi hukutana Jumamosi alfajiri, nyumba kwa nyumba. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipozipa kipaumbele jumuiya ndogo ndogo mwaka 1976 walikuwa na ndoto ya Kanisa la jirani kwa jirani. Sehemu ya ndoto hiyo imegeuka daftari la michango, na wapo wanaohudhuria kwa hofu ya kuzikwa bila padri. Usidharau. Daftari hilohilo ndilo linalogundua kwamba mama wa nyumba ya bluu hajaonekana wiki mbili, na kumbe yupo ndani, anaumwa.

Maana ugonjwa na msiba ndivyo mizani ya mtaa. Mwaka 1992 huduma ya wagonjwa ya PASADA ilipoanza Temeke, chini ya Jimbo Kuu la Dar es Salaam, mgonjwa wa UKIMWI alikuwa na sahani yake, kikombe chake na kona yake. Dawa za kufubaza virusi, za bure, serikali ilianza kuzitoa 2004. Hesabu miaka hiyo katikati. Aliyejitolea kwenda kumtembelea mgonjwa alikuwa anakwenda na kidogo sana mkononi: anamwogesha, anabadili shuka, anakaa kitandani pale ambapo hata ndugu walisimama mlangoni. Hakuuliza kama mgonjwa ni Muislamu. Majirani walichungulia dirishani, na walichokiona hakikuhitaji mkalimani.

Wewe basi, turubai la msiba likifungwa mtaani, utashawishika kufika na Biblia kubwa na kuomba dakika kumi za neno. Zuia mguu. Nenda nyuma, kwenye moshi, waliko akina mama na vitunguu. Chukua ndoo, uliza maji yanachotwa wapi. Msiba una wasemaji wa kutosha, wakiwemo wajomba wawili ambao hawajaongea tangu mirathi iliyopita. Kinachokosekana siku zote ni mtu wa kukwangua ukoko kwenye sufuria saa tano usiku. Wanaume wanasamehewa kazi hiyo, ndiyo sababu mwanaume akiifanya habari zinafika Kongowe kabla ya basi la kwanza.

La mwisho ni chakula, na hapa fuata maelekezo kama ya dawa. Ramadhani bibi wa chumba cha kwanza atakuletea futari: tambi, magimbi, pengine uji wa pilipili manga, kwenye sahani ya udongo iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Kula. Usiombee kwa kuikemea. Sahani usiirudishe siku hiyo, wala usiirudishe tupu. Tia hata maembe. Krismasi itakuwa zamu yako, na pilau yako haitaliwa na nusu ya uani ikiwa kuku umemchinja mwenyewe. Kwa hiyo tarehe 24 jioni mpelekee mume wa bibi kuku na kisu, umwombe akuchinjie. Atauliza kisu kimenolewa, atakuambia umshike vizuri mabawa, atageukia kibla, na akimaliza atakulaumu kwamba kuku amekonda. Mpe heshima yake, usianze kumweleza mambo ya waraka kwa Wakorintho. Kesho yake tuma sahani tano, moja moja, watoto wazipeleke wakiwa wamenawa. Na ile sufuria unayopikia kitimoto, mpendwa, ikae chini ya kitanda chako, na hata mtaa uombe vyombo vya harusi, hiyo usiazimishe.