Simu ya Hajati

Nyumbani kwa mama mkubwa, Hajati, hapa mtaani Oli, hakuna lugha iliyowahi kumshinda mtu. Tunagombana kwa Kinubi, mihogo tunaipunguzisha bei kwa Kilugbara, mgeni wa Koboko anaamkiwa kwa Kikakwa, na hesabu za Ariwara, ng'ambo ya mpaka, zinapigwa kwa Kiswahili na Kilingala. Kwa hiyo mjomba alipomletea Hajati simu iliyotumika Japani, kila mtu alijiona fundi.

Mjomba, aliyewahi kuwabebea mawe wajenzi wa barabara wa Kichina, alitangaza kwamba maandishi yake ya Kijapani anayajua. Akabofya hapa, akabofya pale. Herufi zikawa kubwa maradufu, na Hajati akaona vizuri zaidi kile asichoweza kukisoma. Kijana mmoja akaangukia kamera, ikalia kacha! Simu za Japani nyingi haziruhusu mlio huo uzimwe, na Hajati hakuwa amejitanda. Ugomvi wake ulimaliza chai yote ya saa kumi.

Aliyetuokoa ni binti wa jirani. Hakujaribu kusoma hata neno moja. Aliweka simu yake kando ya ile, akafuata picha: gurudumu lenye meno la mipangilio, kisha sehemu ya mfumo, kisha alama ya dunia. Humo kila lugha imeandikwa kwa jina lake yenyewe, kwa hiyo Kiingereza kilikuwa kimekaa wazi kabisa kikitungoja. Tangu Android 7 ya mwaka 2016, mtu hupanga lugha kwa foleni na simu huitii iliyo mbele. Binti akakiburuta Kiingereza hadi juu ya Kijapani. Kiswahili hakikuwemo. Simu nyingi za zamani zilizouzwa na kampuni za mawasiliano za Japani zilikuja na lugha chache tu.

Vigelegele vikapigwa mapema mno, maana lugha ya kioo ni moja na ya kibodi ni nyingine. Hajati huandika akiangalia vidole. Akamwagiza tajiri anayemuuzia bidhaa huko Ariwara mawese: akagusa M, A, F, U, T, A, akamalizia na 10, akatuma. Silabi za Kijapani, kama za Kiswahili, kwa kawaida huishia na irabu, basi kibodi ilimeza ma-fu-ta bila ubishi na kutema まふた.

Kesho yake bodaboda ikashusha vitenge 10.

"Mama, mimi nilisoma tu 10," tajiri akajitetea kwa simu. "Ile ingine niliona kama maua. Na wewe mara ya mwisho ulichukua vitenge."

Kabla ya Ijumaa vitenge vyote vilikuwa vimenunuliwa, viwili na mjomba mwenyewe, kwa bei ya mtu baki. Binti wa jirani alipokuja kukiondoa Kijapani kwenye kibodi, Hajati aliivuta simu.

"Kiache kwanza. Nataka kumwandikia tena."