Sifa za Mbishi wa Viwango

Washairi wetu wamewasifu masultani, maharusi na majahazi. Mbishi wa viwango vya kiufundi hajaambulia hata ubeti mmoja, nami naona ameonewa.

Mnamjua. Kikao kimefika ukingoni, harufu ya kahawa inaingia ukumbini, mwenyekiti anauliza kwa adabu kama kuna lolote zaidi, naye huyo, ameshasimama mbele ya maikrofoni. Ana hoja ndogo tu, anasema, kuhusu ukurasa wa 14. Hoja ndogo ya mtu huyu haijawahi kuwa ndogo.

Makao yake makuu ni IETF, kundi la wahandisi linalotunga itifaki za intaneti tangu 1986. Huko hakuna uanachama. Hakuna kadi, hakuna barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Mtu anaingia kwa jina lake mwenyewe, si la kampuni wala la nchi, na asiyefika mkutanoni anapinga kwa maandishi kutoka Tanga au Toronto, kwa haki ileile. (Mkutano una kiingilio, kubisha ni bure.) Wengine wangeweka bawabu mlangoni. Hawa waliuacha wazi, akaingia yeye.

Na pasipo wanachama, kura utamhesabia nani? Basi mwenyekiti akitaka kupima upepo, huwaomba wanaokubali wagune, kisha wanaopinga nao wagune. Watu wazima wenye shahada za uzamivu wanafumba midomo na kuvuma kama mzinga wa nyuki. Mgeni atadhani mguno mkubwa ndio unaoshinda. Wapi! Waraka wa IETF namba 7282 wa mwaka 2014 unaeleza kwamba watu 100 wakiafiki na 5 wakapinga, huenda bado hakuna mwafaka, ikiwa hoja ya hao watano haijajibiwa. Nitajieni bunge lenye ujasiri huo.

Ndiyo maana namsifu. Kampuni tajiri ikija na rasimu iliyopikwa ofisini kwake, haina kura ya kununua. Italeta wahandisi wake wote wagune. Watagunia hewa, maana mbishi ameisoma rasimu hadi tanbihi, na bado anauliza itakuwaje pakiti ya data ikifika nusu.

Husemwa kwamba anachelewesha kazi. Anachelewesha, tena kwa ufundi. Waraka wa kwanza wa IPv6, toleo la sita la itifaki ya intaneti, ulitoka Desemba 1995. Hadhi ya kiwango kamili ikapatikana Julai 2017. Aliyezaliwa mwezi ule wa kwanza alishafikia umri wa kuoa. Sisemi ni kazi ya mbishi peke yake, asije akavimba kichwa.

Lakini ukitaka kumwona katika ubora wake, tazama maneno ya amri. Mwaka 1997, waraka namba 2119 ulifafanua kiwango kinamaanisha nini kikisema jambo ni lazima, linapasa au linaruhusiwa, maneno ambayo aghalabu huandikwa kwa herufi kubwa. Ungedhani yameisha. Je, yakiandikwa kwa herufi ndogo? Mei 2017 ukatolewa waraka mwingine mzima, namba 8174, kujibu kwamba maana ile maalumu ni ya herufi kubwa tu.