Kishikwambi na Mhitaji Wake

Kishikwambi, yaani kompyuta bapa inayoendeshwa kwa kugusa kioo, kilipata umaarufu mwaka 2010, pale Steve Jobs wa kampuni ya Apple alipoitambulisha iPad kuwa kifaa cha kukaa kati ya simu janja na kompyuta mpakato, nafasi ambayo wengi hawakujua kuwa i tupu mpaka walipotajiwa bei ya kuijaza. Wapo wanaokihitaji kweli: makarani wa Sensa ya mwaka 2022 nchini Tanzania walitumia vishikwambi kukusanya taarifa kaya kwa kaya, na baadaye vikagawiwa walimu. Lakini mhitaji wa mjini, ambaye simu yake inamtosha kwa barua pepe, picha na umbea, hukinunua kwanza, kisha hukitafutia kazi; na kwa kuwa kuandika juu ya kioo humchosha, huongeza kibodi, yaani kibao cha herufi kinachouzwa kando, halafu kalamu, halafu mkoba, hadi anapokuwa ameunda, kwa gharama kubwa zaidi, kompyuta mpakato ileile aliyoiacha nyumbani kwa sababu ni nzito. Wanaokitumia kila siku ni watoto wake, kwa katuni. Mnunuzi huyo hakuhitaji kishikwambi; alihitaji televisheni ndogo.