Namna ya Kuzuru Jumba Lisilo na Kuta: Mwongozo kwa Mgeni wa Maniema

Ukifika Karlovy Vary, mji wa Kicheki unaosifika kwa chemchemi za maji moto, hutahitaji mwongozo wangu. Kumbi za kale zina vibao mlangoni, na tangu 2021 mji wenyewe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, pamoja na miji mingine kumi ya maji ya tiba barani Ulaya. Unaingia, unatazama dari, unakunywa maji ya chemchemi, unatoka umeridhika.

Lakini ukishuka Kindu, mji mkuu wa mkoa wa Maniema katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ukaomba uonyeshwe jumba la historia ya Waswahili wa Maniema, utaulizwa kwanza umetoka wapi na umemjia nani. Jibu vizuri, maana ziara imeshaanza. Jumba lipo, ila kuta zake zilikuwa za udongo, na udongo umerudi ardhini. Kilichobaki ni lugha, misikiti, mashamba ya mpunga na midomo ya wazee. Kongo ina maeneo matano katika orodha ya Urithi wa Dunia: Virunga, Kahuzi-Biega, Garamba, Salonga na hifadhi ya okapi. Yote ni ya misitu na wanyama. La historia ya watu halimo hata moja. Rumba imeingia 2021, lakini katika orodha ya urithi usioshikika. Basi mgeni wa Maniema abebe adabu na masikio, kwa kuwa hakuna kibao cha kumsaidia. Hizi ndizo kanuni.

1. Soma kabla ya kufunga begi

Anza na maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili na kuchapishwa na Mjerumani Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20. Ni miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa za lugha yetu. Ndani yake utamwona mfanyabiashara hodari aliyetoka Unguja, akaijua nchi hii kijito kwa kijito, akajenga dola ya pembe za ndovu yenye makao Kasongo.

Lakini usifunge kitabu ukaanza kumshangilia. Pembe zile zilibebwa mabegani mwa watu, na wengi wao hawakuulizwa kama wanataka kuzibeba. Msomaji anayekuja Maniema kutafuta shujaa tu, au jambazi tu, abaki nyumbani asome upya. Mtu yule alikuwa na sura zaidi ya moja, na nchi hii inazikumbuka zote.

2. Jifunze mji kabla ya kuuliza njia

Kindu si kituo cha kungojea gari la kwenda kwingine. Zamani uliitwa Kindu-Port-Empain, kwa jina la Baron Empain, tajiri wa Kibelgiji aliyeanzisha kampuni ya reli ya CFL mwaka 1902. Kampuni hiyo ilijenga reli pale mto Lualaba unapokataa vyombo, na kuweka meli pale unapokubali. Kutoka Kindu kwenda Kongolo, kilomita 355, ni reli. Kutoka Kindu kwenda Ubundu, ni maji. Ndiyo maana mji ukakaa hapa, mahali mzigo unapobadilisha chombo.

Leo una wilaya tatu: Kasuku na Mikelenge upande wa magharibi, na Alunguli ng'ambo. Ukitaka kwenda Kasongo kwa barabara, lazima uvuke Lualaba. Panda mtumbwi au boti pamoja na watu, kuku na magunia. Usimwulize nahodha mtaondoka saa ngapi. Chombo kitaondoka kikijaa, na wewe ni mmoja wa wanaokijaza. Safari yenyewe ni zaidi ya kilomita 200, na masika huweza kuirefusha kwa siku kadhaa. Ukiweza kuchagua, njoo kati ya Juni na Agosti, mvua inapopungua.

3. Salimia mpaka salamu ziishe

Kuna mgeni anayetoa simu na kupiga picha kabla hajasema jambo. Mgeni huyo huondoka na picha nzuri za watu waliokunja nyuso.

Ukifika kijijini, nenda kwanza kwa shefu. Mweleze umetoka wapi, unatafuta nini, utakaa muda gani. Wazee wa kiume waite papa au muzee, wa kike mama, na aliyekula chumvi nyingi mwite bibi au babu. Uliza habari za nyumba, za watoto, za mashamba. Ukiulizwa zako, usijibu "nzuri" ukanyamaza kama aliyeitwa polisi. Toa habari kweli. Historia ya Maniema haisimuliwi mtu asiyejulikana kwao.

Lugha isikutie wasiwasi. Kiswahili cha huku kilikuja na misafara, kikakaa, kikaota mizizi, kikajichanganya na lugha za Wakusu, Wasongola, Warega na wengine. Ukitoka Unguja au Mombasa, koma kuwasahihisha watu ngeli. Umekuja kusikiliza.

4. Ukifika Tongoni, usitafute ghorofa

Kasongo ya leo siyo Kasongo ya Tippu Tip. Ile ya kale iko Tongoni. Mnamo Aprili 1893, baada ya mji wa Nyangwe kuanguka mwezi Machi, majeshi ya Dola Huru ya Kongo chini ya Francis Dhanis yaliingia Kasongo na kumwondoa Sefu, mwana wa Tippu Tip. Baba mtu alikwisha kurudi Unguja kabla ya hapo, na nyumba yake ya Shangani ingali imesimama hadi leo. Ya Kasongo haikupata bahati hiyo. Wakoloni walihamishia mji mahali pengine, na ule wa kale ukaachiwa majani.

Katika miaka ya 2010 wanaakiolojia walichimba Tongoni na kukusanya masimulizi ya wenyeji. Fuata mfano wao kwa subira, lakini acha jembe nyumbani. Ukiona ushanga au kigae, kiache pale pale na umwonyeshe mwenyeji wako. Kitu kikitiwa mfukoni kinakuwa pambo tu. Kikibaki ardhini kinaendelea kuwa ushahidi.

Kisha simama, geuka polepole, na uombe uonyeshwe palikuwa na nini: barabara, soko, mahali pa kuswalia. Mzee atanyoosha mkono mahali unapoona kichaka kitupu. Fuata mkono ule. Hizo ndizo kuta za jumba.

5. Nyangwe, punguza sauti

Nyangwe ilikuwa soko kubwa kando ya Lualaba, na wanawake ndio waliokuwa roho yake. Walivuka mto kwa mitumbwi wakileta samaki, vyungu, mihogo na mafuta. Tarehe 15 Julai 1871, watu wapatao 1,500 wakiwa sokoni, watu wa misafara walifyatua bunduki. Wengi walipigwa risasi, wengi zaidi walizama wakikimbilia mtoni. Msafiri Mskoti David Livingstone alikuwapo. Waliokufa walikadiriwa kuwa kati ya 330 na 400.

Habari aliyoiandika Livingstone ilitikisa Uingereza, ikaongeza shinikizo lililomfanya Sultani Barghash afunge soko la watumwa la Unguja mwezi Juni 1873. Mwanamke wa Nyangwe aliyekwenda kuuza vyungu vyake ana sehemu katika kufungwa kwa soko lile, ingawa jina lake halikuandikwa.

Kwa hiyo hapa usipige picha za kujionyesha, wala usimwombe mtoto acheke mbele ya kamera. Nunua kitu sokoni kwa bei aliyosema mama. Kisha nenda ukingoni ukae kimya kidogo.

6. Swali la kutouliza

Usimwulize mtu wa Maniema kama babu yake alikuwa bwana au mtumwa. Si kwa sababu jibu halipo. Ni kwa sababu mara nyingi yote mawili ni kweli. Wengi wa Waungwana, kama walivyojiita watu wa misafara, hawakutoka pwani kamwe. Walizaliwa humu humu, wakachukuliwa wadogo, wakapewa dini, kanzu, lugha na bunduki, kisha wakatumwa kuwachukua wengine. Vijiji vilivyowakimbia viliwaita Matambatamba. Wajukuu wa waliokimbia na wa waliofukuza wameoana, wanasali pamoja, wanazikana.

Uliza badala yake: "Papa, watu wa hapa walifikaje?" Halafu nyamaza. Atakayetaka kukuambia atakuambia, na atachagua mwenyewe mahali pa kuanzia.

7. Kula ulichopewa

Mpunga ulienea hapa pamoja na Waungwana, na mpaka leo Maniema ni nchi ya mchele. Ukiwekewa wali, samaki wa Lualaba na sombe (kisamvu), umewekewa mbele yako kumbukumbu ya kale kuliko kitabu chochote cha mkoa huu. Nawa mikono, sema bismillahi au baraka ya kwenu, na ule mpaka mwenye nyumba aridhike. Anayesema ameshiba baada ya matonge mawili amekataa ukurasa.

8. Usiondoke na kila kitu

Hii ndiyo kanuni ninayoisisitiza kuliko zote. Watafiti, wapiga picha na waandishi wamekuja Maniema tangu siku za wasafiri kama Livingstone, Cameron na Stanley. Daftari zao nyingi ziko Ulaya. Kijana wa Kasongo anayetaka kujua mji wake ulikuwaje anatakiwa aombe viza.

Ukimrekodi mzee, mwachie familia yake nakala. Ukiandika makala, ipeleke shule ya pale na Chuo Kikuu cha Kindu, kwa Kiswahili ambacho aliyekusimulia ataweza kukisoma au kusomewa. Mtaje kwa jina kama ameruhusu. Na kabla hujaaga, mwite mjukuu wake mmoja akae karibu, umwombe mzee arudie kile kisa kirefu tangu mwanzo. Wewe utasahau nusu yake njiani. Mtoto atakuwa bado yupo pale mgeni mwingine atakapovuka mto, na ndiye atakayemfungulia mlango.