Pua ya Mama Mkwe

Nyumbani kwetu chakula hakiharibiki mpaka mama mkwe aseme kimeharibika. Ukiamka na wasiwasi na maharage ya nazi ya jana, unampelekea sufuria alipoketi. Anainama, ananusa upande huu, ananusa upande ule, anafumba macho kama kadhi anayepima mirathi, kisha anatamka: "Kizima hiki. Pasheni." Hukumu hiyo haina rufaa.

Mama mkwe ni mwenyeji wa Tanga, na huja Dar es Salaam kukaa nasi kwa kipindi ambacho mke wangu hukiita "siku chache tu". Shikamoo ya kwanza unampa mlangoni. Ya pili unamkuta jikoni, keshakalia mbuzi anakuna nazi, na keshagundua kwamba kifumbu kimepotea na binti yake anachuja tui kwa chujio la chai. Kuanzia hapo jiko si letu tena.

Masharti yake ni mengi, na kila sharti lina sababu yake. Kisamvu, kwa mfano, hakifunikwi kinapochemka. Kwa nini, mama? "Kitakuwa kichungu, mume akimbie." Mimi ndiye mume mwenyewe, kwa hiyo nikaona nina haki ya kufuatilia. Kumbe majani ya muhogo yana kitu kiitwacho linamarini. Ukiyatwanga, linamarini inavunjika na kutoa haidrojeni sianidi, sumu ambayo huchemka kwenye nyuzijoto takriban 26, yaani chini ya joto la Dar es Salaam saa sita mchana. Kisamvu kikitwangwa sawasawa, kikachemshwa muda mrefu na sufuria ikiwa wazi, sumu inaondoka na mvuke. Tui na karanga huja mwishoni. Mama mkwe amekuwa akifukuza sianidi jikoni tangu ujana wake, huku akidhani anatunza ndoa za watu.

Hata maharage mekundu huyalowesha usiku kucha, maji akayamwaga, kisha akayachemsha kwa moto mkali mpaka mfuniko ucheze. Sababu anayoitoa inahusu tumbo na adabu mbele za watu, sitaiandika hapa. Lakini maharage hayo yana sumu yake ya asili, na wataalamu wanataka yatokote kwa nguvu si chini ya dakika 10 ili iishe. Ukiyaacha yavuguvugu juu ya jiko la mkaa linalozimika, sumu inabaki. Kwa hiyo mikono ya mama mkwe naiamini kwa macho yaliyofumbwa. Ugomvi wangu ni na pua.

Mikono nayo niliwahi kuihoji mara moja tu, siku nilipojitia ujasiri. Nikamweleza, kwa heshima zote, kwamba mwaka 2014 mamlaka ya chakula ya Uingereza iliwaambia wananchi waache kuosha kuku mbichi, kwa sababu maji yakiruka yanasambaza vijidudu kwenye sinki, vyombo na nguo. Mama mkwe akaacha kukatakata kitunguu.

"Hawaoshi kuku?"

"Hawaoshi, mama."

"Na hao ndio waliotutawala?"

Akamchukua kuku, akamwosha kwa ndimu na chumvi, akarudia tena, akinitazama muda wote. Nikaona niombe suluhu. Kuku wa kienyeji aliyechinjiwa na kunyonyolewa uani hawezi kupita bila maji, hilo nikakubali. Yeye akakubali aoshwe taratibu ndani ya beseni, si chini ya bomba, beseni lisuguliwe kwa sabuni, na kibao cha kuku kisikatiwe kachumbari. Mke wangu alikuwa shahidi. Hajawahi kuona mkataba wa mama yake na mtu ukidumu, lakini huu bado unaishi.

Kilichoitia pua doa ni jodari. Shemeji yangu alimnunua asubuhi kwenye soko la samaki la Feri, safi kabisa, anang'aa. Wala muuzaji hana lawama. Ila shemeji hakuja nyumbani moja kwa moja. Alipitia kijiweni "kuwasalimu watu", salamu zikageuka drafti, na jodari akasubiri matokeo ndani ya mfuko, juani. Alipofika, mama mkwe alinusa akasema kizima. Tukampaka tui na ndimu, akachomwa, akapendeza. Shemeji, kwa haki ya mleta kitoweo, alijikatia pande kubwa kuliko wote.

Hata kahawa haijamiminwa, uso wake ulikuwa unawaka, macho mekundu, kichwa kinagonga, anajikuna kama mgeni wa kitanda cha kunguni. Mwenyewe alisema ni husuda ya aliyemfunga drafti. Zahanati walisema ni histamini. Samaki kama jodari na vibua wakikaa kwenye joto, bakteria huizalisha ndani ya nyama. Si lazima inuke, na moto hauiondoi. Dawa ni barafu, kuanzia baharini hadi jikoni. Shemeji alipona jioni ile ile, akarudi kijiweni kudai mechi ya marudiano.

Hapo ndipo nilipopata nafasi ya kusema lililokuwa moyoni: vijidudu vinavyonukisha chakula mara nyingi si vile vinavyolaza watu. Wabaya huingia kimya. Nikataja kiporo cha wali, kile tunachokipenda asubuhi na chai ya rangi. Wali una bakteria anayeitwa Bacillus cereus. Mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukilala mezani, zinaamka na kuacha sumu ambayo hata ukiupasha mpaka uungue, haitoki. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Utandaze kwenye sinia upoe upesi, kisha uingie kwenye jokofu.

"Sisi tumekula kiporo tangu utoto," mama mkwe alisema, "na tupo."

Ni kweli wapo. Lakini wasiokuwepo hawawezi kuja kutoa ushahidi. Hilo nililimeza, maana nilikuwa bado nataka chakula cha usiku.

Badala yake nikapendekeza tupike kwa kipimo, wali uishe siku ile ile. Hapo nyumba nzima ilinigeuka. Na mgeni je? Akibisha hodi saa tatu usiku, apewe mfuniko alambe? Ndipo nikaelewa kiporo chetu kinatoka wapi. Si uzembe hata kidogo. Kila jioni tunampikia mgeni asiyekuja, na asubuhi tunamlia sehemu yake.

Basi nikatafuta mgeni anayekuja. Jirani yetu ni kapera, jiko lake la gesi bado lina karatasi za dukani, na nyumba yake iko hatua chache kutoka kwetu. Sasa wali ukipakuliwa anaitwa. Anakula sahani yake, anamalizia sufuria, anakwangua na ukoko, kisha anamshukuru mama mkwe kwa maneno marefu. Mama mkwe anamsifu kwamba ndiye kijana pekee mtaani mwenye adabu, na ameanza kuongeza kipimo cha mchele.

Wali umeanza kubaki tena.